TAFAKARI YA JUMA: Bustani ya Jeevanjee na Pembe za Shamba



Ndugu wapendwa katika Kristo, Jumapili iliyopita mlitangaziwa kwamba Baraza la Parokia limepokea pendekezo la kujenga maduka ya kukodisha katika uwanja ulio mbele ya kanisa letu. Tangu siku hiyo wengi wenu mmenijia, wengine mkilisifu pendekezo hilo, wengine mkinung'unika. Sikusudii kuutangulia mkutano wenu. Ila juma hili nilikuwa na shughuli mjini Nairobi, na katika kungojea ofisi moja ifunguliwe baada ya chakula cha mchana, niliketi kwa muda wa saa mbili hivi katika Bustani ya Jeevanjee. Niliyoyaona na kuyatafakari pale naona yafaa niwashirikishe kabla hatujakutana.

Wengi wenu mmeipita bustani hiyo bila kuingia. Ipo katikati ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Muindi Mbingu, hatua chache kutoka Soko la Jiji. Ukubwa wake ni ekari kama 5 tu. Katika jiji ambalo kila futi ya ardhi ina bei, na kila jengo linazidi kupanda juu kwa kukosa mahali pa kutanuka, ekari 5 za nyasi na miti zenye madawati ya kukalia ni jambo la kushangaza. Mtu hujiuliza: ni nani aliyeziacha hapa, na kwa nini?

Aliyeziacha ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi wa mwaka 1856, Mwislamu wa jamii ya Mabohora. Alijipatia mali kama mkandarasi wa reli iliyokwenda Uganda, kwa kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula na mahitaji. Ndiye pia aliyeanzisha mjini Mombasa gazeti la African Standard, mzazi wa gazeti ambalo Wakenya wanalisoma hadi leo kwa jina la The Standard. Lakini katika koloni lile lile alilosaidia kulijenga, yeye na jamaa zake walihesabiwa watu wa daraja la pili. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengewa Wazungu, naye kwa utajiri wake wote hakuruhusiwa kupata shamba huko. Alitumia miaka mingi na fedha nyingi kuupinga ubaguzi huo.

Mtu aliyefungiwa mlango wa ardhi ya wengine ndiye aliyefungua ardhi yake kwa watu wote. Mwaka 1906 bustani ilizinduliwa, akaikabidhi kwa wakazi wa Nairobi iwe mahali pao pa kupumzikia. Aliweka humo pia sanamu ya Malkia Victoria, na aliyeizindua alikuwa Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyo. Sanamu ile iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka 2015. Milki aliyoitawala malkia ilikuwa imekwisha kitambo, na sanamu yake nayo ikaanguka. Dawati la maskini bado lipo.

Siku ile niliketi kwenye dawati moja nikiwa nimevaa shati la kawaida, kwa hiyo hakuna aliyenitambua kuwa padre. Kijana mmoja aliyeshika bahasha ya kaki alinikaribia akasema, "Shikamoo mzee. Hapa kuna mtu?" Nikamjibu, "Marahaba, kijana wangu. Hakuna mtu, karibu." Akaketi, akavua viatu, akaviweka kando kwa uangalifu kama mtu anayejua kwamba hana vingine. Tulinyamaza kwa muda. Kisha nikamwuliza anatoka wapi. Akasema ametembea kwa miguu tangu alfajiri kutoka mtaa wa mbali, akipeleka vyeti vyake ofisi hadi ofisi. Nikamwuliza kama huja hapa mara kwa mara.

"Kila siku nikiwa mjini, mzee," alijibu. "Hapa ndipo mahali pekee mtu anapoweza kukaa bila kuulizwa, unanunua nini?"

Neno hilo halijanitoka moyoni. Baada yake nilianza kuwatazama wengine kwa macho mapya. Palikuwa na mama mchuuzi aliyelaza mtoto wake kwenye kivuli, akihesabu sarafu ndani ya leso. Palikuwa na wazee waliokuwa wakibishana juu ya bajeti ya serikali kana kwamba wao ndio wabunge. Na kwa kweli, bustani hii ndiyo iliyokuwa kwa miaka mingi makao ya kundi linalojiita Bunge la Mwananchi, ambamo mtu asiye na koti wala kiti cha enzi husimama na kusema. Palikuwa na mhubiri wa saa ya mchana, sauti imemkauka, akiwatangazia watu habari za wokovu. Sikukubaliana na kila alichokisema, lakini nilimwona mtu mmoja aliyelala kwenye nyasi akifumbua macho, akainuka, akasikiliza hadi mwisho. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho mtu yule alipata kusikia neno la Mungu mahali asipoona haya kwa ajili ya nguo zake.

Sisemi kwamba bustani ile ni Edeni. Ina taka, na ina wanaokwenda huko kutafuta mfuko wa mwenzao. Lakini siku ile nilikumbuka amri moja ya Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, ambayo tunaisikia mara chache sana kanisani. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakati wa mavuno wasivune shamba mpaka kwenye pembe zake, wala wasirudi kuokota masazo. Wayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Tuangalie vema maana yake. Mwenye shamba hakuagizwa kuvuna yote na kisha kutoa sadaka katika alichokivuna. Sadaka ya namna hiyo ipo, nayo ni njema, lakini humfanya maskini angoje mlangoni hadi mwenye nyumba atoke. Amri hii ni ya namna nyingine. Inasema sehemu fulani ya shamba isivunwe kabisa, ili mhitaji aingie mwenyewe, kwa miguu yake, bila kuomba na bila kushukuru. Pembe ile haikuwa hasara ya mkulima wala uzembe wake. Ilikuwa haki ya mwingine, iliyokaa ndani ya mpaka wake.

Na tukumbuke yaliyotokea kwenye pembe za namna hiyo. Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, aliingia kuokota masazo katika shamba la Boazi. Kutoka kwao alizaliwa Obedi, babu yake Daudi, na katika ukoo huo akaja Bwana wetu Yesu Kristo. Kama shamba lile lingevunwa mpaka kwenye mpaka, kwa hesabu nzuri na kwa faida kamili, Ruthu angepita njia yake. Mungu aliupitisha wokovu wetu katika sehemu ya shamba ambayo mhasibu angeiita ardhi iliyokaa bure.

Ndivyo ninavyoiona Bustani ya Jeevanjee: ni pembe ya jiji isiyovunwa. Lakini pembe hailindwi na shukrani ya kizazi kimoja. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga mahali pale jengo la ghorofa la kuegeshea magari, pamoja na maduka. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mji ulikuwa na magari mengi na nafasi chache. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama kuupinga, akakusanya watu, naye Wangari Maathai akamwunga mkono. Mpango ukaachwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai huyo huyo, aliyelelewa kimasomo na masista wa Consolata huko Nyeri na wa Loreto huko Limuru, alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Bustani ya Uhuru. Alitukanwa hadharani, akadharauliwa kwa kuwa mwanamke, na wengi waliokuwa na nafasi ya kusema walinyamaza. Leo hakuna anayelilia ghorofa zile 60.

Maandiko yanajua habari za namna hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na nyumba yake. Alitaka kulifanya bustani, bustani ya mboga kwa ajili ya nyumba ya kifalme. Tena alitaka kulipa. Nabothi alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua, akazitia mhuri wa mfalme, na jambo la kwanza aliloagiza humo lilikuwa kutangaza mfungo. Unyang'anyi ulianza kwa ibada. Tusome mahali hapo kwa kutetemeka, sisi tulio watu wa ibada.

Papa Fransisko, aliyeitwa kwa Bwana mwaka 2025, aliligusa jambo hili alipotutembelea. Tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, alilaani wajenzi binafsi wasio na sura wanaojilimbikizia ardhi na hata kutaka kuchukua viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Na katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka huo huo alionyesha kwamba katika miji mingi maeneo ya kijani yenye kupendeza yapo, lakini yamefungiwa ndani ya kuta za wachache, huku mahali wanapoishi wale waliosahauliwa pakikosa hata mti.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Wanaolileta pendekezo la maduka si Ahabu, na ninaomba mtu yeyote asiwaite hivyo. Ni wazazi na wazee wenye mapenzi mema, wanaojua kwamba paa la kanisa linavuja juu ya kwaya, kwamba katekista wetu anangojea posho yake, na kwamba sadaka ya Jumapili haitoshi. Kodi ya maduka ingeweza kusaidia. Asiyelitaka pendekezo hilo anapaswa kueleza atachangia nini badala yake. Kulalamika peke yake hakuezeki paa.

Lakini anayelitaka naye ana kazi. Namwomba, kabla ya mkutano, aketi kwenye uwanja ule siku ya kazi, kuanzia saa sita hadi saa tisa, na awahesabu wanaoutumia. Atawaona watoto wa shule ya jirani wakicheza mpira kwa sababu shule yao haina uwanja. Atawaona akina mama wa soko wakinyoosha miguu chini ya mti. Atawaona vijana wasio na kazi ambao hawaingii kanisani, lakini wanakaa mahali ambapo kengele ya Malaika wa Bwana inawafikia. Wengine si Wakatoliki, na wengine si Wakristo. Jeevanjee naye hakuwa Mkristo, na hakuandika kwenye lango la bustani yake kwamba ni ya Waislamu peke yao. Ingekuwa aibu kwetu, tunaoyasoma Maandiko haya kila mwaka, kuwa wabahili kuliko yeye.

Mkiniuliza moyo wangu unaelemea wapi, nitawajibu wazi. Ikiwa tutajenga, tujenge upande wa barabara tu, na sehemu yenye mti ibaki wazi: isiwekwe uzio, isikodishwe, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za parokia ili paroko ajaye asije akaligeuza kwa urahisi. Mapato yatapungua, hilo nalijua. Amri ya Walawi tangu mwanzo ilikuwa amri ya kupunguza mapato. Mungu hakuificha gharama yake. Aliitaja, kisha akaongeza sababu moja tu, kwamba yeye ndiye Bwana, Mungu wetu.

Mkutano utakuwa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Kila jumuiya ndogondogo ilete maoni yake, na tafadhali tusiwaachie wanaume peke yao nafasi ya kusema. Kabla ya hapo, katika sala zenu za jioni, someni pamoja sura ya pili ya Kitabu cha Ruthu, na kila mmoja ajiulize: katika shamba nililopewa mimi, iwe ni fedha, muda au nyumba, pembe isiyovunwa iko wapi?

Bwana, aliyezikwa katika bustani na akafufuka humo asubuhi na mapema, awabariki ninyi na nyumba zenu.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko