Dundu wa Milima ya Alps

Tukipanda milima ya Alps katika nchi ya Uswisi, twafika karibu na mwisho wa misitu, na hapo kando ya vijito yako majani mapana yaliyotobolewatobolewa. Mwenye kuyatoboa ni dundu mdogo, urefu wake kadiri ya sentimeta 1, ambaye wataalamu humwita Oreina cacaliae.

Mgongo wake wang'aa kama chuma kilichosuguliwa, rangi yake kijani au buluu. Gamba hilo ndiyo mabawa yake mawili ya juu, nayo ni magumu. Chini yake yamekunjwa mengine membamba ya kurukia. Kila kipapasio kina pingili 11. Walakini wayo wake ndio wa ajabu: ukihesabu pingili waona 4, kumbe ni 5, maana ile ya nne ni ndogo mno, imejificha katikati ya ile ya tatu iliyogawanyika.

Silaha yake ni vitezi vilivyo kifuani na mabawani. Majani alayo yana sumu iharibuyo ini la ng'ombe. Yeye haimdhuru, bali huiweka akiba mwilini, na akisumbuliwa huitoa kwa matone.

Tena hatagi mayai kama wadudu walio wengi, huzaa mabuu walio hai. Nasi twaona faida yake, kwa kuwa huko juu wakati wa joto ni mfupi, na buu huyo huanza kula mara moja. Theluji ikikaribia, wakubwa hujifukia ardhini, wakakaa humo mpaka majani yachipuke tena.