Ubeti Nilioufuta Jikoni kwa Mama

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la kumsifu mama yangu, na ubeti wake mmoja ukapata sifa ndogo katika ukoo wetu. Umeghaniwa katika arusi mbili. Vina vyake vimetulia, mizani yake imetimia, wala sikuwahi kuuonea kasoro. Nusu yake ya kwanza ni hii:

Moto wa jiko la mama, hutakasa kila kitu,
Chungu kikishatetema, haibaki sumu katu.

Leo naufuta, na nawaandikia malenga wenzangu kueleza sababu.

Mama anaishi Handeni, pembezoni mwa mji. Mimi nafundisha Korogwe. Kati yetu pana barabara ya kilomita 65, na kila baada ya mavuno gunia moja la mahindi huipita barabara hiyo kuja kwangu. Msimu uliopita nilipofungua gunia, uvundo ulinitangulia kabla ya punje. Za chini zilikuwa zimeshikana mabonge, zingine kijani, zingine za kijivu kama majivu ya mkaa. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo umefika?"

Nikamweleza niliyoyaona. Akacheka. "Huo ni ukungu tu. Yaanike, uyapepete, ukasage dona. Ugali ukishaiva hakuna neno. Si wewe uliyesema haibaki sumu katu?"

Sikuwa na jibu. Gunia langu lilitoka katika rundo moja na magunia manne aliyobaki nayo, na katika rundo hilo walikuwa wakila yeye na wajukuu wawili, mdogo akiwa bado hajatimiza miaka mitatu. Nilimwomba kwanza asipike mahindi yale mpaka nifike. Jumamosi alfajiri nikapanda basi.

Njiani nililifikiria neno lake, ukungu. Asubuhi ukiwa Korogwe ukitazama milima ya Usambara, unauona ukungu umeilalia. Jua likipanda kidogo, umekwenda zake. Neno hilohilo tunalitumia kwa kitu kinachoota juu ya mkate na mahindi, na nahisi jina limetupotosha: tunaamini kwamba cha jua kitaondoka kwa jua. Kuvu haondoki hivyo. Kumwanika humzuia asiendelee kukua, lakini alichokwisha kukiacha ndani ya punje hubaki.

Alichokiacha ndicho wataalamu wetu wanachokiita sumukuvu. Nakiri kwamba nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nililiona kavu, neno la warsha na mabango. Sasa naona limeundwa na mtu aliyejua kazi yake: linataja sumu kwanza, kisha aliyeitengeneza. Jina lake la kigeni, aflatoksini, limefinyangwa kutokana na jina la kisayansi la kuvu mwenyewe, Aspergillus flavus. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960, walipolishwa mashudu ya karanga yaliyooza. Haina rangi, haina ladha. Maji huchemka kwa nyuzi 100, nayo huvumilia hata joto lililopita nyuzi 200. Chungu kitetemeke mpaka maghribi, sumu imo.

Nayo si hadithi ya mbali. Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Manyara inapakana na Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Ni jirani. Na asiyekufa kwa wingi wa sumu siku moja anaweza kuliwa ini na kidogo cha kila siku.

Nilipofika, mama hakunipeleka ghalani. Alinikalisha, akaninywesha chai, kisha akauliza kwa upole uliokuwa na makali: "Maisha yangu yote nimeweka mahindi. Mbona hatukufa?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu, mahali ambapo sasa hapana kitu. Jiko la nyumba ya zamani lilikuwa na uchaga juu ya mafiga. Mahindi yalipanda pale na maganda yake, na moshi wa kila mlo ukayakausha na kuwafukuza wadudu. Katika nyumba mpya ya saruji tuliyomjengea sisi watoto, kwa fahari, uchaga haukuwamo. Magunia yalisimama sakafuni, yameegemea ukuta, na unyevu ukapanda taratibu. Kumbe moto wa mama ulikuwa ukifanya kazi ya kuokoa maisha kweli, ila ulikuwa ukiifanya ugalini bado hakujafikiwa. Mimi mtunzi nilitazama chunguni, nikasahau kutazama juu.

Magunia mawili yalikuwa na kuvu. "Basi tuwape kuku," alisema. Nikamwambia kuku nao huumia, na ng'ombe wa maziwa huirudisha sumu katika maziwa. Alinyamaza. Aliyewahi kuiona njaa ya Handeni hatupi mahindi kama anayemwaga maji, nami sikumharakisha. Tulichimba shimo, naye mwenyewe akatupa debe la kwanza.

Mawili yaliyosalia tuliyaanika juu ya turubai, mbali na udongo, tukachambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Nilimshauri ayakoboe, asisage dona kwa msimu huu, kwani sehemu kubwa ya sumu, ikiwapo, hukaa katika ganda na kiini. Fundi akampangia vichaga vya mbao, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Kisha nikamwonyesha kipimo cha chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi kavu, mahindi kiasi, utikise vizuri na kuiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Kipimo hicho alikipenda kuliko maneno yangu yote.

Usiku ule nilijaribu kuurekebisha ubeti. "Hautakasi kila kitu" ulikuwa ukweli mtupu, lakini ulizidi mizani moja. Nikahangaika mpaka karibu na adhana ya alfajiri, nikapata huu:

Moto wa jiko la mama, si dawa ya kila kitu,
Chungu kikishatetema, sumukuvu hubaki tu.

Nilimsomea kwa simu wiki iliyofuata. Alisikiliza, akataka nirudie.

"Vina viko sawa," akasema. "Lakini uchaga umeuacha."

Nikamweleza kwamba mizani haikutosha. Akasema basi niongeze ubeti mwingine, na nikija nimletee chupa nyingine ya kioo yenye kifuniko, maana ile ya kwanza wajukuu wameshaivunja.