Kiwanja cha Barafu Uani: Kazi ya Wazazi Nchini Kanada

Nchi ya Kanada iko kaskazini mwa bara la Amerika, na katika sehemu zake nyingi baridi ya miezi ya Desemba, Januari na Februari huyagandisha maji ya mito na maziwa hata yakawa magumu kama sakafu. Wenyeji wa huko waliigeuza baridi hiyo kuwa furaha. Huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya nyayo, wakateleza juu ya barafu, na mchezo wanaoupenda kuliko yote wakati huo ni mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji 6 wa kila upande, pamoja na mlinda lango, hugombania kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1, nao hukipiga kwa magongo marefu yaliyopinda mwishoni.

Kiwanja kamili cha ligi kuu kina urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, na gharama yake haiwezi kubebwa na mtu mmoja. Lakini mzazi wa kawaida, mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba yake, aweza kuwajengea watoto wake kiwanja kidogo kwa mbao, maji na subira. Kazi hiyo yafanana sana na kazi ya shamba: ina majira yake, ina matayarisho yake, na mavuno yake yamo mikononi mwa hali ya hewa.

KUTAYARISHA MAHALI

Kazi huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ardhi haijaganda, maana ardhi iliyoganda haikubali kigingi. Jambo la kwanza ni kupima usawa. Maji hayadanganyiki, yakimwagwa penye mteremko hukimbilia chini. Ua ulioinama kwa inchi 6 toka mwisho huu hata mwisho ule, ukijazwa maji ya inchi 4 upande wa juu, utakuwa na inchi 10 upande wa chini, na uzito huo waweza kuziangusha mbao. Kwa hiyo mwenye busara hufunga kamba kwenye vigingi, akapima kila pembe, na kama mteremko ni mkubwa huchagua mahali pengine.

Kisha hufagia majani na vijiti vyote. Jani jeusi likinaswa ndani ya barafu hunyonya joto la jua, na baada ya siku chache hufanya tundu la kumwangusha mtoto. Mbao husimamishwa kwa ubavu pande zote nne na kushikiliwa kwa vigingi upande wa nje. Ndani yake hutandazwa turubai la plastiki, nalo huwa jeupe ili lirudishe mwanga wa jua. Haifai kulitandaza mapema likajaa majani na takataka, wala kulivuta likakaza pembeni, kwani maji yatalichana kwa uzito wake.

KUMWAGA MAJI

Kiwanja cha mita 12 kwa 6, kikiwa na kina cha sentimita 10, hutaka lita 7,200 za maji. Mwenye nyumba hayamwagi ovyo. Husikiliza habari za hali ya hewa, akangoja siku tatu au nne mfululizo za baridi kali, ndipo afungue bomba.

Wako wasiotumia turubai. Hao huikanyaga theluji mpaka ishikane, kisha huinyunyizia maji kidogo kidogo usiku, tabaka juu ya tabaka. Mwenye haraka akimwaga maji mengi kwa pamoja juu ya theluji hiyo, uso huganda na chini hubaki uvungu. Mtoto akikanyaga, ganda hilo huvunjika. Haba na haba hujaza kibaba, na msemo huo watimia hapa kwa maji.

Barafu ikiisha kuwa imara, kazi haijakwisha. Theluji ikianguka hapana budi iondolewe kwa beleshi mara moja, maana huifunika barafu kama blanketi na kuizuia baridi isifike. Watoto wakiisha kulala, mzazi hutoka tena kuziba mikwaruzo iliyoachwa na vyuma vya viatu. Wengi hupenda maji ya moto kwa kazi hii, kwa sababu huyeyusha kidogo uso wa zamani na kushikamana nao. Wengine hutoboa matundu katika kipande cha bomba, wakafunga taulo nyuma yake, wakalivuta polepole huku maji yakitoka. Katika majumba makubwa kazi hiyo hufanywa kwa gari maalumu lililobuniwa na Frank Zamboni huko California mwaka 1949.

UA WA BRANTFORD

Kiwanja kilichopata sifa kuliko vyote vya namna hii kilikuwa katika mji wa Brantford, jimbo la Ontario. Walter Gretzky, mfanyakazi wa kampuni ya simu, alichoka kusimama kwenye baridi ya bustani ya mji akimngoja mwanawe Wayne, aliyezaliwa mwaka 1961. Basi akaona heri alete barafu nyumbani, amtazame mtoto kutoka jikoni. Alikata nyasi fupi, akakiacha kinyunyizio cha bustani kikizunguka usiku kucha. Husimuliwa kuwa kinyunyizio kiliharibika mwezi wa Februari, mkewe akatumwa dukani kununua kingine. Alirudi akasema hatakwenda tena, kwani muuzaji alimdhani ana wazimu kutaka kunyunyizia nyasi wakati wa theluji.

Katika ua huo baba alipanga makopo, na mtoto akajifunza kupita katikati yake. Wayne alipokuwa na miaka 10 alifunga mabao 378 katika msimu mmoja. Baadaye, katika ligi kuu toka 1979 hata 1999, alifunga mabao 894, na hesabu hiyo haikupitwa mpaka Aprili 2025. Walter alifariki dunia tarehe 4 Machi 2021.

BARIDI ISIYOAMINIKA

Lakini desturi hii sasa ina mashaka. Januari 2013 wataalamu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, Ontario, waliwaomba wenye viwanja vya uani wawaletee habari: siku gani barafu ilifaa, na siku gani iliharibika. Ilionekana kuwa wastani wa joto la siku hutakiwa ushuke hata kiasi cha digrii 5 chini ya sifuri ndipo barafu ifae. Dunia inavyozidi kupata joto, siku za namna hiyo hupungua. Katika mji mkuu, Ottawa, mfereji wa Rideau hugeuzwa kila mwaka kuwa njia ya kutelezea yenye urefu wa kilomita 7.8; lakini majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalipita bila njia hiyo kufunguliwa, jambo ambalo halikutokea tangu ilipoanza mwaka 1970.

Ni kweli barafu yaweza kufanywa kwa mitambo, hata penye jua. Nairobi ilipata kiwanja cha namna hiyo katika hoteli mwaka 2005, na timu ya Ice Lions iliyojifunza humo ilialikwa Kanada mwaka 2018. Lakini barafu ya mitambo ina saa zake na kiingilio chake. Ile ya uani mtoto huipata bila kulipa, akacheza mpaka aitwe kula, na huipata kwa sababu baridi imekuja na mzazi amekesha.

Mwezi wa Machi barafu huyeyuka, maji yakarudi ardhini, na nyasi zikaonekana zimegeuka manjano. Mzazi hung'oa mbao, huziandika nambari moja moja, na kuzipanga ghalani. Mkulima aliyeweka mbegu akingoja mvua asiyo na hakika nayo ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa.