Mkojo wa Maskini: Safari ya Kwanza Baraka na Fizi

Sisi tuliokulia Kigoma tulilijua jina la Baraka, mji wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kupaona. Wabembe wa huko walioletwa na vita na kuishi kwenye kambi ya Nyarugusu tangu 1996 walilitaja kwenye kila mazungumzo: samaki wa Baraka, mchanga wa Baraka, ndugu waliobaki Baraka. Mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha kwao kwa kuvuka ziwa. Mimi nilipopata nafasi mwaka 2019 nilipita njia ndefu, Bujumbura hadi Uvira, kisha Barabara ya Taifa namba 5 kuelekea kusini, ziwa likiwa kushoto na milima ya Mitumba kulia. Nilikuwa nimeandika sana habari za fedha za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini kwetu Tanzania, nikataka kuona majirani zetu wa ng'ambo wanagawaje noti kwa watu wasio na kitu.

Kutoka Uvira hadi Baraka ni kama kilomita 90 tu. Usidanganyike na hesabu hiyo. Gari letu dogo lilibeba watu kwa kuwakunja, na kila baada ya vijiji kadhaa tulikuta kamba imetandazwa barabarani. Kwenye kizuizi kimoja baada ya Makobola, kijana aliyeshika kamba alininamia dirishani kutaka kitambulisho. Pumzi yake ilinuka kanyanga, pombe kali ya kienyeji, na ilikuwa bado asubuhi. Dereva akamtilia noti kiganjani bila kusema neno, kamba ikalegea.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Baraka. Aliposikia ninafuata habari za misaada akacheka.

"Mwanangu, utaona maajabu. PAM, shirika la chakula la UN, inawapa wale wakimbizi wa Lusenda dola, jioni zote zimeishia kwenye pombe. Mtoto wa dada yangu yuko Amerika. Anasema kule, kabla serikali haijakupa feza, unapimwa kwanza mkojo. Ukikutwa na bangi, rudi nyumbani. Njo vile inafaa na hapa."

Abiria wa nyuma wakaitikia. Mmoja aliongeza kwamba wapimwe na wanaovuta bangi milimani, ingawa hao hakuna anayewapa hata senti.

Aliyosema yule kijana wa Amerika si uongo, ila hakuyamaliza. Mwaka 2011 jimbo la Florida, chini ya gavana Rick Scott, lilipitisha sheria ya kumtaka kila anayeomba fedha za kusaidia familia maskini apimwe kwanza dawa za kulevya, tena kwa gharama yake, arudishiwe akionekana safi. Sheria ilifanya kazi miezi michache tu. Walipimwa watu 4,046. Waliokutwa na dawa walikuwa 108, yaani wasiofika watatu katika kila mia, na wengi wao ni bangi. Jimbo likajikuta linawarudishia wale safi zaidi ya dola 118,000. Mwanajeshi mmoja wa zamani, aliyekuwa akilea mtoto peke yake, akakataa kupimwa na akaenda mahakamani. Oktoba mwaka huohuo jaji Mary Scriven akaisimamisha sheria, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye: umaskini peke yake si sababu ya kumshuku mtu.

Nilimsimulia yule mama. Akanitazama kwa huruma. "Hao ni watu wa Amerika," akasema. "Wewe hujawaona wa kwetu."

Basi nikashuka Lusenda nikawaone.

Kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko yaliyozuka Rais wao Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu. Nilifika siku ya malipo. Chini ya turubai foleni ilikuwa imejipinda mara kadhaa, wanawake wengi kuliko wanaume, watoto mgongoni. Unaitwa, unaweka kidole kwenye mashine, unahesabiwa dola, unatoka. Nilimfuata kwa macho mama mmoja aliyetoka na noti zake. Hakuzitia kwenye nguo. Alisimama juani, akainua kila noti, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni kutafuta mchaniko. Kongo dola iliyochanika hata upana wa punje ya mchele hakuna muuzaji anayeipokea. Noti moja ilikuwa na mpasuko. Alirudi nayo kwenye meza, wakabishana, akabadilishiwa. Hapo ndipo alipofunga fundo kwenye ncha ya kitenge.

Hakufika mbali. Nje ya uzio mwenye duka alikuwa ameketi na daftari la madeni, majina yamepangwa mstari kwa mstari: unga wa muhogo, mafuta, chumvi, sabuni. Malipo yalikuwa yamechelewa, na watu walikuwa wamekula kwa mkopo. Mama yule alifungua fundo, akalipa, akabakiwa na kidogo sana. Aliyefuata naye vilevile. Kama ni kutafuta mahali dola za Lusenda zinapoishia jioni, mimi niliona daftari.

Pombe nayo ipo, nisije nikaonekana nimefumba macho. Nyuma ya nyumba za udongo nilionyeshwa pipa juu ya moto, mrija umepitishwa kwenye maji ya kupoza, kanyanga ikidondoka kwenye chupa ya plastiki. Mpishi wake alikuwa mkimbizi, mjane, naye siku hiyo alikuwa amepanga foleni kama wenzake. Alinieleza kwamba dola hazifiki mwisho wa mwezi, na kanyanga ndiyo inayonunua daftari za shule za wanawe. Ukimpima mkojo utamkuta safi, maana hanywi. Je, apewe au anyimwe?

Akaniambia na la pili, ambalo nililisikia tena kwa akina mama wengine: zikipokelewa na mwanamume mnywaji, nyumba inalala njaa. Dawa wanayoitaka wanaijua. Zipokelewe na mama wa nyumba, na zije kwa tarehe inayojulikana. Hakuna aliyenitajia kipimo.

Baraka yenyewe ina joto, kelele za pikipiki na harufu ya ndagala waliotandazwa juani. Mbele yake rasi ya Ubwari imelala ndani ya maji. Nilipapenda. Lakini kilichobaki kusemwa nilikisikia juu, Fizi, pikipiki iliponipandisha milimani hadi makao makuu ya eneo, penye upepo baridi na watu wasiogawiwa dola na yeyote.

Katika kituo cha afya muuguzi alinionyesha kabati lake. Vilikuwemo vipimo vya malaria, pakiti iliyokaribia kuisha. Nilipomuuliza kuhusu kupima bangi na pombe alifikiri ninatania. "Kaka, siku nyingine mama anakuja kuzaa na sina glavu."

Mwalimu wa msingi aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake hakucheka. Alisema mshahara wake, ukifika, unatoka serikalini; wa askari pia, wa mbunge pia. Tuanzie wapi?

Wamarekani walishajibu swali lake. Mwaka 1990 jimbo la Georgia liliwataka wagombea wa vyeo vya juu wapimwe dawa za kulevya. Baadhi ya wagombea wakashtaki, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi ikaifuta sheria hiyo. Mwaka uliotangulia Bunge la nchi hiyohiyo lilikuwa limeyaruhusu majimbo kuwapima wanaopokea msaada.

Kwetu Tanzania TASAF imeweka masharti pia: mtoto aende shule, mdogo apelekwe kliniki. Ni masharti yanayoweza kubishaniwa, lakini angalau yanamwachia mtoto kitu. Nao David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali mwaka 2014, wakaona kwa jumla fedha za msaada haziongezi matumizi ya pombe na sigara. Mama wa vitenge hataamini, na simlaumu: mlevi mmoja barabarani huonekana kuliko wanawake hamsini waliokwenda kulipa madeni.

Kwa wanaopanga misaada ya Fizi na Baraka nina ombi: fedha za kununulia vipimo zipelekwe kwenye kabati la yule muuguzi, na dola za Lusenda zifike kwa wakati, mikononi mwa mama, noti zikiwa nzima. Na kama lazima mtu apimwe, aanze kijana wa kamba pale Makobola, kwa sababu yeye amekabidhiwa barabara ya watu wote.