Mvua Imefika Hadi Wapi?



Wasomaji wapenzi, mimi ni binti wa Mombasa niliyeolewa Isiolo. Leo naomba kuwasimulia safari moja ya pikipiki ambayo siku yake ya mwisho ilinifunza adabu ya kuomba dua.

Ilikuwa Machi 2023, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Mume wangu alifiwa na shangazi yake huko Marsabit, nasi tukaona ni wajibu kwenda kuhani. Nauli ya gari kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa nzito kwetu. Pikipiki tulikuwa nayo. Mtoto tukamwacha kwa mavyaa wangu, mtaa wa Bulapesa, tukatawakali. Nilivaa suruali pana ndani ya buibui, na upindo wa buibui nikaukunja na kuufunga kiunoni, maana nguo ikinasa katika mnyororo wa pikipiki, ajali yake haina simile.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260. Siku ya kwenda jua lilikuwa kali na nchi imekauka kama ngozi iliyoanikwa. Misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020, mvua ilikuwa haikunyesha ya kutosha katika nchi hiyo. Kando ya lami tuliona mifupa ya ng'ombe, myeupe, mahali pengine mingi pamoja.

Siku ya kurudi jamaa hawakuturuhusu kuondoka bila kula, kwa hiyo tulitoka saa tano. Laisamis tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Tulipoipita Merille, mawingu yalikuwa yameufunika mlima Ololokwe hata hauonekani. Kisha mvua ikashuka.

Haikuwa mvua ya kwetu pwani, itanguliayo kwa upepo na manyunyu. Hii ilimwagika kwa mkupuo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalivuka barabara mbele yetu. Matone yalinichoma mikono kama changarawe, na mume wangu alilazimika kuinua kioo cha kofia yake ngumu ili aone njia. Nyuma yake mimi nilikuwa na dua moja tu: Ee Mola, izuie mvua hii.

Karibu na Serolipi lori lilitupita kwa kasi. Upepo wake na maji yake vikatusukuma hadi ukingo wa lami. Gurudumu la nyuma likateleza, likarejea. Hakuna aliyesema neno. Yeye alikuwa amemwahidi mama yake kwamba tutafika kabla ya Magharibi, na aliishika Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayosema kuwa safari ni sehemu ya adhabu, basi mtu akimaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. Mimi nilinyamaza kwa kudhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Kumbe mwenye macho nyuma ya dereva naye ana amana.

Tulipoingia Archer's Post nilimgusa bega. "Baba watoto, tusimame."

"Zimebaki kilomita 35 tu," akajibu.

"Hizo ndizo ninazoziogopa."

Akasimama mbele ya duka moja. Aliposhuka alijaribu kufungua mkanda wa kofia, akashindwa. "Vidole sivisikii tangu kule Serolipi," akasema. Naye alikuwa akiogopa, akinyamaza kwa ajili yangu.

Barazani pale alikuwapo mama mzee wa Kisamburu, amepanga madumu na sufuria chini ya michirizi ya bati. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mmeloa," akasema, akacheka kwa furaha.

"Tumeloa, mama. Tunaomba mvua iishe tufike nyumbani."

Kicheko kikakoma, lakini hakukasirika. "Usiombe hivyo," akasema. "Nilikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Wamebaki wawili. Ngoja kidogo, mwanangu. Nyumbani hapakimbii."

Niliinamisha uso. Watu wa nchi ile waliiomba mvua miaka miwili na zaidi, nami nilitaka ikatwe kwa sababu ya saa chache za safari yangu. Nikakumbuka tuliyofundishwa chuoni: Mtume (S.A.W.) aonapo mvua alimwomba Mola aijaalie kuwa ya manufaa, na watu walipomlalamikia kwamba imezidi, akitakiwa aombe izuiliwe, aliomba inyeshe pembezoni mwao, vilimani, mabondeni na penye miti. Hakuomba ardhi inyimwe.

Mwenye duka alitupa gunia kavu. Magharibi ilipoingia tukasali juu yake, na Isha tukaikusanya nayo. Safari hii dua yangu ilikuwa nyingine.

Mvua ilipopungua tuliondoka polepole. Darajani tuliusikia mto Ewaso Nyiro ukinguruma gizani, mto ambao siku ya kwenda tuliuona umesinyaa. Tulifika Isiolo usiku, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwomba mavyaa radhi kwa kuchelewa.

Alifungua mlango, taa mkononi. Akaishika mikono ya buibui langu iliyokuwa ikichuruzika maji, akauliza, "Mvua imefika hadi wapi?"

Mume wangu akamhesabia: Archer's Post, Serolipi, Merille. Kwa kila jina mavyaa aliitikia, "Alhamdulillahi." Ndipo akatwambia tukabadilishe nguo, chai ilikuwa tayari, na mtoto amelala.

Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu kuwa za manufaa, na wasafiri wetu awarudishe salama. Amin.