Figo na Kiharusi

Neno "figo" tumelifundisha kwa miaka mingi katika shule za Bukirasazi, huku milimani kusini mwa mji wa Gitega, wala halijapata kutusumbua. Mtoto wa Kirundi hulipokea upesi, kwani kwao ni ifyigo, na wingi wake amafyigo. Ubishi ulikuwa baina yetu walimu: sisi tulisema "figo zake", na mwenzetu mmoja alishikilia kwamba wingi wa haki ni "mafigo".

Lililotutaabisha ni "kiharusi". Tulizoea kulieleza kwa neno "kupooza" kisha tukaendelea na somo. Tulikosea, maana kupooza ni athari iachwayo nyuma, na kiharusi ndilo tukio lenyewe: ama donge la damu iliyoganda laziba njia ya damu ubongoni, ama mshipa wapasuka na damu yavujia kichwani. Kwamba figo na kiharusi ni maneno ya somo moja, hilo hatukulijua mpaka lilipomfika yule yule mwenzetu wa mafigo.

Tulimwita Mushingantahe, kwa heshima ya huku. Alikuwa na shinikizo la damu tangu zamani, na dawa zake alizimeza siku ya kuumwa kichwa tu. Mgongo ulipomuuma alinunua diklofenaki, akaitumia miezi na miezi, naye hakuambiwa kwamba dawa za namna hiyo zaweza kuziumiza figo. Miguu ilipovimba, waganga walikuta figo zimekwisha kuchakaa. Akaambiwa ajiandae kwa safari za Bujumbura, kilomita 100 na ushei, akasafishwe damu kwa mashine.

Sisi tulidhani mgonjwa wa figo huogopa figo tu. Kumbe figo zikishindwa kutoa maji na chumvi, shinikizo hupanda, nalo shinikizo huzidi kuziharibu figo zenyewe. Chokaa ya mwilini hupoteza mizani yake, ikajijenga katika kuta za mishipa, nazo zikawa ngumu. Tena taka zinazobaki damuni hudhoofisha chembe zile zinazozuia damu kuvuja. Hivyo mtu huyo huyo yu hatarini mwa donge na yu hatarini mwa kuvuja, na mganga atakaye kumpa dawa ya kuzuia damu isigande hupita njia nyembamba mno. Hata mashine haimtoi hatarini: majuma ya mwanzo ya kusafishwa damu ndiyo yenye viharusi vingi zaidi.

Katika majuma hayo mwenzetu alikuwa ubaoni, darasa la tano, chaki ikamponyoka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto. Mtoto mmoja akaja mbio ofisini, akatuambia, "Mwalimu anasema maneno yasiyokuwapo." Tulimkuta mdomo umekwenda upande. Hapana shaka alama zote zilikuwa mbele yetu: uso, mkono, usemi. Nasi tukasema ni uchovu wa safari. Tukampa maji, jambo ambalo mtu wa kiharusi hapewi, kwa kuwa huenda asiweze kumeza. Tukamlaza mkekani hadi adhuhuri. Dawa ya kuyeyusha donge hutakiwa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Labda kwa barabara zetu tusingefika. Lakini saa zile tulizipoteza sisi wenyewe, na twazihesabu hata leo.

Kifaransa chake kilipotea, na Kiswahili kikapotea. Kirundi kilirudi kwanza, neno moja moja. Mganga Mfaransa Albert Pitres aliandika mwaka 1895 juu ya watu wa lugha nyingi waliopatwa na jambo hili, akaona kuwa lugha iliyozoelewa zaidi ndiyo hutangulia kurudi. Basi kila Alhamisi, siku asiyokwenda Bujumbura, twaketi naye barazani na vitu vya nyumbani: kikombe, jembe, ufunguo.

Alhamisi iliyopita tuligusa kiuno chetu na kumwuliza kilichomo.

"Amafyigo," akasema.

"Figo," tukasema nasi, polepole.

Alitutazama kitambo. Kisha akatikisa kichwa, akatusahihisha:

"Mafigo."