Maua Katika Bonde la Nyanya

Ukitoka Mombo, unaiacha barabara kuu na kuanza kuipanda milima ya Usambara. Hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33, kona baada ya kona, huku mwamba na huku korongo. Wenzetu wawili walifumba macho njia nzima, wakayakosa maporomoko ya maji ya Soni. Sisi wengine tuliyaona, tukajifunga khanga mabegani, maana joto la Mombo tulikuwa tumeliacha chini.

Tulikuwa akina mama tisa kutoka Korogwe. Sote tuna bustani za mboga, na kilio chetu kilikuwa kimoja. Nyanya zinaanza vizuri, kisha zinadumaa. Mchana zinanyauka ingawa asubuhi tumezimwagilia. Mmoja wetu ana dada yake aliyeolewa huko Lushoto, naye alikuwa ametuma salamu: "Njooni mjionee kwangu."

Mabonde ya Lushoto ni mazuri kuyatazama. Kabichi, karoti, pilipili hoho na nyanya zimepandwa hadi ukingoni mwa vijito, na matenga hupakiwa kwenye magari kwenda Tanga na Dar es Salaam. Lakini bonde hilohilo ndilo karo, sabuni na dawa za watoto. Likikataa kuzaa, nyumba nzima inajua.

Mwenyeji wetu alituteremsha hadi kwenye kishamba chake. Tulipofika tulisimama kwa mshangao. Nusu ya shamba ilikuwa imejaa maua mafupi ya rangi ya manjano na ya chungwa, yamebanana kama mkeka, yakitoa harufu kali.

"Kumbe unauza maua?" tulimwuliza.

"Siuzi, dada zangu. Hapa naitibu ardhi."

Akang'oa mche mmoja wa nyanya kutoka nusu ya pili, akatikisa udongo. Mizizi ilikuwa imevimba mafundomafundo kama tangawizi changa. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo. Ni minyoo midogo mno, mchanga wake hata nusu milimita haufiki, hivyo huwezi kuiona kwa macho. Huingia ndani ya mzizi na kunyonya. Jike hubaki humo na kutaga mamia ya mayai. Mzizi uliovimba hivyo hauwezi kuvuta maji vizuri, ndiyo maana mche hunyauka hata kama udongo umelowa.

Misimu mitatu mama huyu alipata hasara. Muuza dawa mmoja alimwuzia dawa ya kunyunyizia majani, kumbe adui yuko chini ya ardhi. Mbuzi wawili waliuzwa ili mtoto asifukuzwe shule. Hatimaye bwana shamba aling'oa mche, akamwonyesha mafundo, akamshauri apande marigoldi shamba zima kwa miezi mitatu.

"Baba watoto alinyamaza siku mbili," alitusimulia. "Mama mkwe akauliza, 'Watoto watakula maua?' Hata mimi sikuwa na jibu."

Waliketi wakakubaliana: nusu ya shamba maua, nusu nyingine mboga. Msimu ule walijibana sana. Sukari ilipungua, na nguo za sikukuu zikasubiri. Lakini nyanya zilizofuata katika nusu ile ya maua zilisimama. Mizizi haikuwa safi kabisa, ila mafundo yalikuwa machache, na matenga yakajaa tena. Sasa maua yanahamia upande wa pili.

Ua hili asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ingawa aina moja huitwa ya Kifaransa na nyingine ya Kiafrika. Mwaka 1958 watafiti wa Uholanzi walieleza kuwa mizizi yake ina sumu dhidi ya minyoo, iitwayo alfa-tertienili. Minyoo inayojaribu kuingia hufa au hushindwa kuzaana.

Tuliandika maelekezo ya mwenyeji wetu, nasi tunawapa kama tulivyoyapata:

Kwanza, ng'oa mche uutazame. Kama hakuna mafundo, mnyauko huo una sababu nyingine, na maua haya hayatausaidia. Usichanganye na vinundu vya maharage. Hivyo ni vyema, navyo hubanduka kirahisi kwa kidole. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Pili, chagua marigoldi fupi ya Kifaransa. Panda eneo lote utakaloweka nyanya baadaye, mche na mche sentimita 18 hadi 20. Mashina machache yaliyochomekwa katikati ya nyanya hayatoshi.

Tatu, yaache yakue miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu kazi inafanywa na mizizi iliyo hai. Palilia daima. Minyoo hujificha katika magugu mengi, hata katika mnavu.

Nne, kabla mbegu hazijakomaa na kumwagika, katakata maua uyafukie. Weka akiba kidogo ya mbegu.

Tano, usitegemee kuwa umemaliza. Minyoo hurudi baada ya mavuno ya nyanya, hivyo zamu ya maua lazima ije tena.

Mmoja wetu aliuliza kuhusu bangi mwitu, lile gugu refu lenye harufu inayofanana. Ni la ukoo huohuo, nalo pia hupunguza baadhi ya minyoo. Lakini humwaga mbegu nyingi mno, na ukilikaribisha utalipalilia miaka.

Tuliteremka jioni, kila mmoja na mbegu katika pindo la khanga. Safari hii hakuna aliyefumba macho. Tulikuwa tukijadili jinsi ya kuwaeleza waume zetu kwamba sehemu ya bustani haitaleta chakula kwa miezi mitatu. Si neno la kumwambia mtu aliyechoka mlangoni. Tuliafikiana tung'oe mche kwanza, tuuweke mezani, ndipo tuseme.

Kesho yake tulifanya hivyo. Kati ya bustani tisa, saba zilikuwa na mafundo. Wewe, mama msomaji, umewahi kuitazama mizizi ya nyanya zako?